Volti, ampere na omu: hesabu ndogo ya kulinda nyumba

Katika Seminari Kubwa tulijifunza falsafa na teolojia miaka mingi. Lakini padri akifika parokiani anakuta kazi nyingine zinamngoja: bati linavuja, pampu ya maji imesimama, waya za umeme zimeungua. Na makatekista wanamwuliza: « Baba Padri, kwa nini waya huu una joto, na ule mwingine ni baridi? » Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni hesabu ndogo tu. Tuifanye pamoja.

Kwanza tujue majina. Tazameni tanki la maji lililowekwa juu ya kilima. Likiwa juu zaidi, maji yanasukuma kwa nguvu zaidi huko chini. Msukumo wa umeme tunaupima kwa volti; katika nyumba zetu za Goma ni volti 220. Wingi wa umeme unaopita katika waya, kama wingi wa maji yapitayo katika bomba, tunaupima kwa ampere. Tena bomba jembamba linazuia maji. Vilevile kila waya na kila chombo kinazuia umeme kidogo au sana. Kizuizi hicho tunakipima kwa omu. Jina hilo limetoka kwa Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827.

Kanuni ndiyo hii: gawanya volti kwa ampere, utapata omu. Na ukitaka kujua nguvu ambayo chombo kinakula, zidisha volti kwa ampere, utapata wati.

Tuchukue mfano wa pasi. Fundi anapima volti 220 na ampere 5. Basi 220 gawanya kwa 5 ni omu 44: ndicho kizuizi cha pasi ile ikiwa na joto. Na 220 mara 5 ni wati 1,100: ndiyo nguvu yake. Tuchukue sasa resho ya kupikia: volti 220, ampere 10. Kizuizi ni omu 22, nguvu ni wati 2,200. Mnaona: kizuizi kikipungua nusu, umeme unaopita unaongezeka mara 2, na nguvu vilevile. Hesabu hii ni sawa kwa vyombo vya kutoa joto. Vyombo vyenye mota, kama friji, vinataka hesabu ndefu zaidi.

Sasa turudi kwa swali la katekista. Tuseme waya wa resho ulikatika, na mtu akauunga kwa kuusokota tu na kuufunga kwa kipande cha plastiki. Mahali pale palipoungwa vibaya pana kizuizi cha nusu omu. Ni kidogo sana, sivyo? Lakini ampere 10 zinapita pale. Nusu mara 10 ni volti 5 zinazopotea; volti 5 mara ampere 10 ni wati 50. Wati 50 za joto, mahali padogo kama ncha ya kidole, mchana na usiku kama resho inawaka! Kwa pasi ya ampere 5, joto la mahali pale lingekuwa wati 12 na nusu tu. Ampere zikiongezeka mara 2, joto linaongezeka mara 4. Na nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zimekaribiana sana. Moto ukianza katika moja, majirani wanakimbia na watoto wao.

Kuna hatari nyingine, na hiyo ni ya mji wetu hasa. Fundi hupigilia chuma ardhini, ili umeme ukitoroka katika chombo ushuke chini, fusibu iungue, na chombo kizimwe. Lakini sisi tunakaa juu ya mawe ya Nyiragongo, mawe yale yale yaliyobomoa kathedrali mwezi wa kwanza mwaka 2002. Mawe hayo makavu yanazuia umeme sana. Tuseme kizuizi cha ardhi ni omu 100. Gawanya 220 kwa 100: ampere 2.2 tu. Fusibu ya ampere 10 haisikii kitu! Friji inabaki na umeme mwilini mwake, na mtoto mwenye mikono yenye maji anaigusa. Mwili wa mtu ukiwa na omu 1,000, ampere 0.22 zinampita, hizo zinatosha kumwua.

Tufanye nini basi? Waya ziungwe na fundi kwa viungio vya kukaza. Vyuma vya ardhini viwe vingi, vifungwe pamoja, viwekwe penye udongo na unyevu. Na juu ya yote tuweke kile chombo cha ulinzi ambacho mafundi wanakiita diferansieli, kinachokata umeme mara tu ampere 0.03 zinapotoroka. Bei yake ni kubwa kuliko ya fusibu, kweli.

Ndugu, fundi akimaliza kazi kwenu, msimwulize tu kama taa zinawaka. Mwulizeni: omu za ardhi ni ngapi? Akiwa hajapima, kazi haijaisha.