Picha ukutani si sawa na picha gazetini: Namna ya kuzuru maonyesho ya upigapicha jijini Nairobi

Kila jioni, watu wengi husimama nje ya Jumba la Kitaifa la Kumbukumbu na Nyaraka, katika barabara ya Moi Avenue jijini Nairobi, wakingojeana. "Tukutane Archives" ni miadi inayofahamika na kila mkazi wa jiji, awe mchuuzi, mwanafunzi au mgeni aliyeshuka basi muda mfupi uliopita. Hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwao ambao wamewahi kuvuka kizingiti cha jengo hilo. Ndani yake mna kazi za sanaa zilizokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais kwa muda mfupi mnamo 1966, pamoja na picha za kale zinazosimulia harakati za kupigania uhuru. Kiingilio chake si cha kumtisha mtu.

Dhana iliyozagaa ni kwamba maonyesho ya picha ni starehe ya mabwanyenye na wageni kutoka ng'ambo. Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Baadhi ya kumbi za kibinafsi ziko katika mitaa ya kifahari, na mlinzi aliye langoni humtazama anayefika kwa miguu kwa jicho la kumuuliza amepotea wapi. Lakini katikati ya jiji mambo ni tofauti. Katika Alliance Française, ambako picha za wapigapicha chipukizi na wakongwe hutundikwa mara kwa mara, mtu huingia ukumbini bila kulipa senti. Mwendo mfupi kutoka hapo, penye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ipo Nairobi Gallery, inayosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa. Jengo lenyewe ni la 1913 na lilikuwa afisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo walimosajiliwa waliozaliwa, waliooana na waliofariki, na hapo ndipo umbali wa kutoka Nairobi hadi miji mingine ulipoanza kuhesabiwa. Anayekwenda kutazama vilivyomo ndani asisahau kulitazama jengo pia.

Huenda mtu akauliza: kuna haja gani ya kufunga safari kutazama picha ilhali magazeti na simu zimejaa picha? Jibu ni kwamba picha hubadilika inapobadilishiwa mahali. Gazetini huwa ndogo, imebanwa kati ya habari na matangazo, na kesho yake karatasi hiyo hufungiwa mandazi. Kwenye simu haipewi hata nafasi hiyo, kwani kidole huisukuma juu kabla jicho halijatulia. Ukutani hali ni nyingine. Picha imekuzwa hata nyuso zilizo nyuma zikaonekana, imepewa mwanga wake, na imewekwa jirani na nyingine kwa makusudi. Mwandalizi wa maonyesho akiiweka picha ya mwanasiasa anayecheka kando ya picha ya nyumba inayoteketea, amesema jambo zito pasi na kuandika neno lolote. Ndiyo maana mpangilio wa picha unastahili kutazamwa kwa makini sawa na picha zenyewe.

Mfano bora ni ule wa Dedan Kimathi. Alipokamatwa Oktoba 21, 1956, baada ya kupigwa risasi, alipigwa picha akiwa amelala, mikono imefungwa pingu, nywele zake ndefu zimesokotwa. Serikali ya mkoloni iliieneza picha hiyo ili wananchi waamini kwamba vita vya msituni vimekwisha. Kimathi alinyongwa Februari 18, 1957. Leo picha iyo hiyo ikitundikwa, hakuna Mkenya anayeiona kuwa tangazo la ushindi wa mkoloni. Wengi humwona shujaa ambaye hata pingu hazikumvunja macho. Hakuna kilichobadilika katika picha yenyewe. Kilichobadilika ni ukuta, maelezo yaliyoandikwa chini yake na mtu anayeitazama.

Kwa sababu hiyo, wajuzi wa sanaa hii humshauri mtazamaji aitazame picha kwanza, kisha ndipo asome maelezo. Anayeanza na maelezo huishia kuona alichoambiwa tu. Anayeanza na picha hujiuliza mwenyewe: Nani aliyepiga? Alikuwa amesimama upande gani, nyuma ya polisi au nyuma ya waandamanaji? Alilipwa na nani? Ni kitu gani kilichoachwa nje ya fremu? Wala si lazima kuzimaliza picha zote. Picha tano zilizotazamwa kwa utulivu zina faida kuliko 50 zilizopitwa mbio mbio kama vituo vya matatu. Maonyesho mengi huendelea kwa wiki kadhaa, hivyo anayetaka anaweza kurudi.

Suala la ni nani anayepaswa kuona picha lilijitokeza wazi baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makwao. Wapigapicha wa magazeti walikuwa wamenasa mengi ambayo hayangeweza kuchapishwa, mengine kwa sababu ya ukatili wake, mengine kwa hofu ya kuchochea chuki zaidi. Mnamo 2008 kituo cha sanaa cha GoDown, ambacho wakati huo kilikuwa katika eneo la Viwandani, kiliandaa maonyesho yaliyoitwa Kenya Burning, na baadaye picha hizo zikatolewa kama kitabu. Hayo yalikuwa maonyesho ya ukumbini, na mtu alihitaji kuamua mwenyewe kwenda kuyatazama.

Mwaka uliofuata, mpigapicha Boniface Mwangi, aliyezishuhudia ghasia hizo akiwa mwanahabari, aliamua kuwa ukumbi hautoshi. Kupitia mradi wa Picha Mtaani, picha ziliwekwa barabarani, mahali ambapo mpita njia hakuwa na budi kukutana nazo, kisha zikazungushwa katika miji mbalimbali nchini. Watazamaji walihimizwa kuzungumza juu ya walichokiona na kuahidi kudumisha amani. Tofauti yake na ukumbi ni kubwa. Anayeingia ukumbini amejiandaa moyoni. Aliye barabarani huenda alikuwa akienda kununua sukuma wiki, mara akajikuta uso kwa uso na panga lililoinuliwa. Huenda yeye mwenyewe alifiwa siku hizo. Na si muhali kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameshika panga.

Wapo wanaoshikilia kuwa kuzianika picha za aina hiyo hadharani ni kutonesha kidonda. Hoja yao haifai kudharauliwa, kwani mjane hana wajibu wa kuona upya kilichomfika. Lakini kuzifungia ukumbini nako kuna hila yake. Waliochomewa nyumba waliishi Kibera, Naivasha na Eldoret, na kama picha za masaibu yao zingetazamwa tu na waalikwa walioshika glasi za mvinyo, basi wenye msiba wangekuwa tamasha la wengine. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo zito zaidi, na Picha Mtaani ilichagua kuliepuka.

Kuna pia wasiwasi kuhusu hifadhi. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi wa 1935, alipiga picha za harakati za uhuru katika nchi kadhaa za Afrika kabla ya kuuawa akiwa kazini katika vita vya Biafra, Oktoba 1968. Kwa takriban miongo minne kazi yake ilisahaulika, hadi picha na filamu zake zilipopatikana katika gereji moja humu jijini. Bila ya jamaa aliyejitahidi kuzitafuta, hakuna ukuta ambao ungeonyesha picha hizo. Kila anachokiona mtazamaji ukumbini ni sehemu ndogo tu iliyonusurika mvua, mchwa na usahaulifu.

Linabaki suala la waliomo pichani. Mama wa Turkana anayechota maji huenda asijue kwamba uso wake umetundikwa Nairobi ukiwa na bei chini yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomtambulisha, ingawa imetoa nafasi kwa kazi za uanahabari na sanaa, kwa hiyo si kila picha isiyo na idhini huvunja sheria. Hata hivyo, yapo maonyesho ambayo huandika jina la aliyepigwa picha na mengine ambayo humwita "mwanamke wa kijijini" tu, na tofauti hiyo huonekana papo hapo kwa anayesoma maelezo. Siku ya ufunguzi, ambapo aghalabu mpigapicha huwapo na milango huwa wazi kwa wote, mtazamaji anaweza kumuuliza ana kwa ana iwapo mama huyo amewahi kuiona picha yake.