Kununua Ng'ombe wa Maziwa kwa Mara ya Kwanza

Thamani ya ng'ombe wa maziwa imo katika umri, afya na kiasi cha maziwa anachotoa. Ni mambo yasiyoonekana kwa kumtazama harakaharaka, na hapo ndipo mnunuzi mgeni hudanganywa.

Umri husomwa mdomoni. Ng'ombe huota jozi ya kwanza ya meno ya kudumu ya mbele akiwa na miaka 2 hivi, na hufikisha yote 8 kati ya miaka 4 na 5. Meno yaliyolika sana ni dalili ya uzee, hata muuzaji akidai kwamba ng'ombe huyo amezaa mara mbili tu.

Kiwele kikubwa si ushahidi wa maziwa mengi. Wapo wanaoacha kumkamua ng'ombe kabla ya mnada ili kiwele kijae, nako ni kumtesa mnyama. Mnunuzi ashuhudie ng'ombe akikamuliwa jioni na asubuhi inayofuata. Maziwa ya asubuhi ndiyo yasiyolimbikizwa. Mabonge au damu katika maziwa huashiria ugonjwa wa kiwele.

Daktari wa mifugo athibitishe mimba na kupima brusela, ugonjwa unaosababisha mimba kutoka na kuwaambukiza watu kupitia maziwa mabichi.

Muuzaji mwaminifu hueleza kasoro kabla ya kuulizwa, huonyesha kumbukumbu za chanjo na uhamilishaji, na hukubali kuandikiana hati ya mauziano. Nchini Tanzania, kibali cha kusafirisha mifugo pia huhitajika. Mnyama mgeni atengwe na wenzake kwa wiki 3 hadi 4, maana magonjwa mengine huchelewa kujitokeza.