Giaboksi ya Datsun na Pete Yake ya Shaba

Datsun 240Z lilishinda Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Leo anayelifufua gari hilo hutafuta giaboksi ya mtumba, na hapo pesa hupotea kirahisi, kwa kuwa nzima na mbovu kwa nje zinafanana.

Je, wajua kwamba ndani ya giaboksi meno ya gia za mbele yameshikana muda wote? Ukisukuma mkono wa gia, unachosogeza ni kola ya chuma inayoifunga gia moja kwenye shafti yake. Ila gia na shafti huwa zinazunguka kwa kasi tofauti, na zikikutana hivyo hivyo zinasaga. Pete ya shaba huigusa gia kwanza, huisugua mpaka kasi zilingane, ndipo kola ipite. Mfumo huo, uitwao sinkronaiza, alioubuni Earl Thompson, uliingia kwenye Cadillac mwaka 1928. Kabla yake dereva alikanyaga klachi mara mbili.

Itazame pete hiyo kwa karibu. Upande wake wa ndani una mifereji myembamba ya kukata utando wa oili. Ikichakaa, kingo za mifereji hulala na kung'aa, na pete huzama mpaka inaigusa gia. Fundi hupima uwazi uliobaki kwa fila geji. Fundi wa Nakapanya, kwenye barabara ya Tunduru kwenda Masasi, akifungua giaboksi ya Hilux atakutana na pete ya namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwaga oili. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vya chuma ni meno yaliyovunjika: achana na giaboksi hiyo. Vumbi la dhahabu ni pete zinazoisha, nalo ni jambo la kupatana bei, kwani pete hubadilishwa. Lakini uliza aina: baadhi ya 240Z za mwanzo zina sinkronaiza ya mtindo wa Porsche, na nyingine zina ya Warner. Spea za aina hizo mbili haziingiliani.

Ukishaifunga giaboksi, tia oili ya daraja la GL-4. Baadhi ya oili za GL-5 zina kemikali kali za salfa zinazoweza kuila shaba taratibu, hata kama muuzaji atakuambia ndiyo bora zaidi.