Usikimbilie Kufunika Nyusi Iliyogeuka Rangi

Kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza, asubuhi wanawake wanapovuka kati ya Bukavu, Kongo, na Kamembe, Rwanda, utaziona nyusi zilizochorwa miaka mingi iliyopita. Siku zilipotoka saluni zilikuwa nyeusi ti. Leo ni za kijivu chenye ubuluu, nyingine zimeshika wekundu wa tofali. Wenyewe huzipitishia penseli ya wanja kila siku kabla ya kutoka nyumbani. Wanaponijia huuliza jambo moja: rangi hii itatokaje? Na wengi huwa wameshapata ushauri wa jirani, kwamba ichorwe nyingine juu yake. Hapo ndipo ninapowaomba wasubiri.

Hina na piko hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi, lile linalopukutika kila siku, ndiyo maana hufifia baada ya wiki mbili hivi. Nyusi za tatuu huchanjwa chini ya tabaka hilo, na huko rangi humezwa na seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kula kila kitu kigeni kinachoingia mwilini. Seli hizo haziwezi kuisaga, huishikilia tu. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli iliyobeba rangi ikifa, rangi hiyo huokotwa na seli mpya palepale. Kwa hiyo kungoja mchoro uishe wenyewe ni kungoja sana. Utafifia, lakini mara nyingi hauishi.

Tena haufifii sawasawa. Kahawia ya saluni huwa ni mchanganyiko: oksidi za chuma nyeusi, nyekundu na njano, mara nyingi na kaboni, na pengine titani dioksidi, ambayo ni nyeupe, ili kuipoza. Kila moja ina mwendo wake wa kuondoka. Nyeusi ikitangulia, wekundu hubaki peke yake. Kaboni ikibaki, utaona buluu, kwa sababu mwanga unaopita ndani ya ngozi na kurudi machoni hutawanywa, na buluu hutawanywa zaidi. Wino haukuoza, wala si lazima uwe ulikuwa bandia.

Sasa turudi kwenye kufunika. Fundi hodari huweka rangi ya machungwa juu ya buluu, au kijani cha zeituni juu ya wekundu, kisha kahawia mpya. Kama mchoro wa zamani umefifia sana na umbo lake bado ni zuri, sioni ubaya. Hufaa mara moja. Tatizo ni safu ya pili na ya tatu. Rangi hutapakaa, mistari myembamba iliyofanana na vinyweleo hupotea, na nyusi inakuwa bamba moja.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo: kufuta ukingo uliokosewa kwa kuchanjia rangi inayofanana na ngozi. Kwa wiki chache huonekana kama miujiza. Lakini rangi hiyo kwa kawaida imejaa titani dioksidi na oksidi za chuma, na hizo zikipigwa na leza, mwanga wa kuondolea tatuu, hubadilika kikemia papo hapo. Nyekundu ya chuma huweza kugeuka nyeusi. Nyeupe ya titani huweza kugeuka kijivu au buluu iliyoiva. Mtu aliyekwenda kufutiwa doa dogo anarudi na doa jeusi kuliko lile la kwanza. Wino wa midomo una hatari hiyohiyo, maana waridi nyingi hupozwa kwa nyeupe ileile. Ndiyo sababu nasema kufunika leo kunaweza kukufungia njia ya kuondoa kesho.

Leza yenyewe ni chombo kizuri kikiwa mikononi mwa anayekijua. Msingi wake uliwekwa na watafiti Anderson na Parrish mwaka 1983: ukichagua mwanga unaonywewa na rangi unayoilenga, na ukaupiga kwa muda mfupi mno, utavunja rangi bila kuunguza ngozi inayoizunguka. Kwa ngozi yetu nyeusi, mwanga wa nanomita 1064 ndio salama zaidi, kwa kuwa weusi wetu wa asili huunywa kidogo. Ule wa 532, unaotumika kwa wino mwekundu, hunywewa sana na ngozi nyeusi na unaweza kuacha mabaka meupe au meusi. Kila kipindi hutenganishwa na kinachofuata kwa wiki 6 hadi 8, na kabla ya yote lazima lipigwe doa moja la majaribio, mahali pasipoonekana sana, kisha lingojwe kwa wiki kadhaa. Vinyweleo vya nyusi vinaweza kuwa vyeupe kwa muda. Anayetaka kufutiwa wanja wa kudumu kwenye kope avalishwe ngao za chuma ndani ya kope, juu ya mboni. Miwani ya kawaida haitoshi.

Njia ya pili ni chumvi. Fundi huchanja tena mchoro kwa maji ya chumvi kali yaliyosafishwa, na chumvi huvuta maji kama inavyoyavuta kutoka kwa samaki anayekaushwa. Gaga hujitengeneza, nalo likidondoka lenyewe huondoka na sehemu ya rangi. Huenda polepole, lakini haichagui rangi, na haiigeuzi nyeupe ya titani kuwa kijivu au buluu. Kwa nyusi zilizofunikwa mara nyingi mimi huanza kuifikiria hiyo. Haimfai mwenye kovu linalovimba, yaani kiloidi, na gaga likibanduliwa kwa kucha huacha kovu. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako. Homa ya ini aina ya B huweza kuambukizwa kwa sindano iliyotumiwa kwa mtu mwingine.

Ninachokikataa kabisa ni asidi za chupa zisizo na maandishi, limau na chumvi ya jikoni vikisuguliwa hadi damu itoke, na mkorogo. Rwanda ilianza msako mkali wa krimu zenye haidrokwinoni na zebaki mwishoni mwa 2018, lakini mpaka una njia nyingi. Krimu hizo hazifiki kwenye wino. Hung'arisha ngozi iliyo juu yake, na buluu ikazidi kuonekana. Huku juu, zaidi ya mita 1,400 na karibu na ikweta, jua huigeuza ngozi iliyochubuka kuwa nyeusi haraka. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni sehemu ya tiba.

Kabla ya kulipa nauli ya basi la kupita msitu wa Nyungwe kwenda kliniki ya leza Kigali, rudi kwa aliyekuchora umwombe jina la wino, au upige picha ya chupa, na uandike ni mara ngapi umefunikwa na kwa rangi gani. Kisha piga simu kliniki uulize mashine yao ina nanomita ngapi, nani anaishika, na kama wataanza na doa la majaribio. Wakikuahidi kumaliza kila kitu kwa siku moja, usipande basi.