Utangulizi: Serikali Ilipopiga Hodi

Tarehe 1 Januari 1909, wazee wa Uingereza waliotimiza miaka 70 walianza kwenda posta kuchukua pensheni. Ilikuwa shilingi tano kwa wiki, tena kwa mwenye kipato kidogo tu. Haikumtajirisha mtu. Lakini angalia zilikotolewa: dirisha lile lile la barua na stempu, wala si ofisi ya misaada ya maskini. Tangu sheria ya 1834, mzee asiye na wa kumtunza aliishi na hofu ya kufia katika nyumba ya maskini, mahali palipofanywa pachungu kwa makusudi ili watu wasipakimbilie. Sasa alichukua chake bila kuinamisha kichwa. Ndiyo maana mgeni wa historia ya Uingereza ya miaka hiyo namshauri aanzie hapo dirishani, asianze na kifo cha Malkia Victoria mwaka 1901 wala na mizinga ya 1914.

Ilikuwaje dola iliyozoea kumwacha kila mtu na lake ikaanza kuingia majumbani mwa raia? Wengi hujibu kwa neno moja: vita. Vita Kuu vilichochea mengi, sikatai, ila moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Mwaka 1901 Seebohm Rowntree alichapisha utafiti wake wa mji wa York na kuonyesha kwamba zaidi ya robo ya wakazi walikuwa mafukara. Kilichowashtua wasomaji ni sababu: kwa waliokuwa hoi kabisa, kilichowaangusha zaidi ni ujira mdogo, si uvivu. Watu walifanya kazi na bado hawakushiba. Zikafuata sheria za serikali ya chama cha Waliberali: chakula cha shuleni, pensheni, na mwaka 1911 bima ya ugonjwa na ya kukosa kazi. Fedha zitoke wapi? Bajeti ya 1909 ya waziri wa fedha, Lloyd George, ikawageukia matajiri na wenye ardhi, Baraza la Malodi likaikataa, na baada ya chaguzi mbili katika mwaka mmoja Malodi wakanyang'anywa turufu yao ya kuzuia sheria.

Habari za wanawake waliodai kura zinahitaji subira zaidi. Jina la Emmeline Pankhurst, aliyeanzisha chama chake Manchester mwaka 1903, limewafunika wengine: Millicent Fawcett na wafuasi wake wengi waliofuata njia ya sheria, na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire waliozunguka wakikusanya saini. Hata hivyo, vituko vya wakorofi vina utamu wake. Usiku wa sensa ya 1911 Emily Davison alijificha katika kijichumba ndani ya jengo la Bunge, ili aandikwe kuwa alilala humo. Sheria ya 1918 ilipokuja, iliwapa kura wanawake waliotimiza miaka 30 na masharti ya mali. Wasichana wengi waliojaza baruti viwandani wakati wa vita waliachwa nje, wakasubiri hadi 1928. Ukiambiwa kura ilikuwa zawadi ya kazi ya vita, uliza: zawadi kwa nani?

Kitabu cha George Dangerfield cha 1935, kinachodai kwamba Uingereza ya Waliberali ilikwisha kufa kabla ya vita, kisome kwa raha, maana kimeandikwa kwa ufundi. Usikiamini chote: Waliberali wale bado walikuwa na nguvu ya kutunga sheria na kushinda chaguzi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mlango wake mwingine. Mwaka 1907 Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, alipanda treni kutoka Mombasa kuelekea Uganda. Mwaka uliofuata alikuwa waziri wa biashara huko London, na mwaka 1910 serikali yake ilifungua ofisi za kuwatafutia kazi wasio na ajira. Miaka hiyo hiyo watu wa Nyanza walikuwa wakitozwa kodi ya kibanda, ambayo iliwasukuma wengi kwenda kufanya kazi ya ujira. Waliberali hao hao waliongoza huku na kule. Mara nyingi mambo haya mawili huandikwa katika vitabu tofauti. Anayesomea Kisumu anaweza kuviweka juu ya meza moja.