Kabla hujavunja kibubu kwa ajili ya cheti cha ITIL

Katika familia nyingi za Buguruni, kijana akimaliza chuo cha kompyuta mzigo wa mzazi hauishi, hubadilika sura tu. Jana ilikuwa ada, leo amekuja na jina jipya: ITIL. Anasema bila cheti hicho benki na kampuni za simu hazimwiti kwenye usaili. Mama anayeuza chakula sokoni anaitazama hela ya kikoba. Anamtazama na mdogo mtu, anayehitaji godoro, sare na nauli ya kwenda bweni kidato cha tano. Ampe nani?

Ni swali la haki. Cheti hiki kina thamani, ila thamani hiyo inategemea kijana amesimama wapi kwa sasa.

Ni cheti cha nini?

ITIL ni mwongozo wa kusimamia huduma za TEHAMA. Ulianzia serikalini Uingereza miaka ya 1980. Toleo lake la nne lilitoka mwaka 2019, na tangu 2021 unamilikiwa na kampuni ya PeopleCert.

Haumfundishi mtu kutengeneza kompyuta wala kuandika programu. Unamfundisha utaratibu wa kazi. Kumbuka Mei 2021, mfumo wa LUKU ulipogoma na watu wakajazana kwenye ofisi za TANESCO kutafuta umeme. Hali kama ile ina kazi mbili. Ya kwanza ni kurudisha huduma haraka, hata kwa njia ya muda, watu wasilale gizani. Ya pili ni kutafuta chanzo ili isijirudie. Anayefanya ya kwanza akasahau ya pili hajaziba ufa, na siku moja atajenga ukuta.

ITIL inazitenganisha kazi hizo. Inaonyesha nani apokee malalamiko, nani ayaandike, nani aruhusu mfumo ubadilishwe, na mteja aambiwe nini wakati anasubiri.

Unamfaa nani?

Unamfaa kijana ambaye tayari ana kazi. Yule anayepokea simu za wenzake ofisini kompyuta zinapogoma, akipata cheti hiki anakuwa na hoja ya kuomba usimamizi wa zamu au wa kitengo. Waajiri wakubwa wanakipenda kwa sababu wafanyakazi wanakuwa na lugha moja ya kazi.

Kwa ambaye hajawahi kushika kazi, hali ni tofauti. Soma vizuri matangazo ya ajira: mara nyingi ITIL hutajwa kama sifa ya ziada. Ikiwa kuna sifa ya ziada, basi ipo ya msingi, nayo ni ujuzi wa mitandao, mifumo ya kompyuta na uzoefu. Bila ya msingi, ya ziada haina pa kukaa.

Gharama na mtihani

Ngazi ya kwanza haihitaji sifa yoyote ya awali. Mtihani una maswali 40 ya kuchagua jibu, kwa dakika 60, na wa kufaulu ni mwenye majibu 26 sahihi. Anayefanya kwa lugha ambayo si yake huongezewa dakika 15, hivyo kijana aulizie haki hiyo mapema.

Ada hulipwa kwa dola, na ukijumlisha na mafunzo gharama huvuka shilingi milioni moja kwa urahisi. Tena cheti kina ukomo: baada ya miaka mitatu lazima kihuishwe.

Ukifanyia mtihani nyumbani, msimamizi anakutazama kupitia kamera ya kompyuta. Chumba kifungwe na asiingie mtu. Kwa nyumba zetu za kupanga, chumba kimoja watu watano, jirani redio juu, hilo si jambo dogo. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, ni shida nyingine. Tafuta ofisi au chuo chenye chumba tulivu.

Pa kuanzia bila milioni

Asiye na kazi aanze na kinachompa uzoefu. Kuna meza za mafundi wa simu na kompyuta Kariakoo, kuna maduka yenye mashine za EFD zinazogoma, kuna shule zenye kompyuta zisizo na mtu wa kuzitunza. Aombe kujitolea hata miezi michache.

Akiwa huko, awe na daftari. Kila hitilafu aandike tarehe, kifaa, alichofanya, muda aliotumia na chanzo alichokigundua. Hitilafu ikijirudia mara tatu, aulize kwa nini. Huo ndio utaratibu wenyewe wa ITIL, na daftari ni bei ya chee. Kwenye usaili, daftari hilo litampa la kueleza kuliko mwenye cheti kitupu.

Muulize mwanao

Mzazi, kabla hujatoa hela, kaa na mwanao umuulize mambo matatu. Ni tangazo gani la kazi linalotaka cheti hiki, na sifa nyingine zilizoandikwa pale anazo? Kama ameajiriwa, je, mwajiri hawezi kuchangia ada? Na baada ya miaka mitatu nani atalipia kukihuisha?

Akijibu yote kwa uhakika, mchangie kwa moyo mweupe. Akigugumia, mnunulie daftari, na godoro la mdogo wake litangulie.