Mtu na Mnyama: Tofauti Iko Wapi?



Hapa Sondu, siku ya soko, Mluo, Mkipsigis na Mkisii husimama pamoja kumzunguka ng'ombe mmoja. Humtazama meno, humpapasa nundu, kisha hutaja bei. Hakuna aulizaye bei ya mtu aliyeshika kamba. Je, mtu na ng'ombe hutofautiana katika jambo gani hasa?

Tusijibu kwa haraka. Mwanzo, sura ya 1 na ya 2, yatuambia kwamba wanyama wa nchi na mtu waliumbwa siku moja, siku ya sita, na wote walifanyizwa kwa ardhi. Katika Kiebrania, neno lilelile lenye maana ya nafsi hai latumika kwa mtu na kwa mnyama. Mhubiri naye (3:19-20) asema wote hufa na kurudi mavumbini. Kwa hiyo vijana wetu wakisoma shuleni habari za Proconsul, sokwe wa kale ambaye Mary Leakey alilipata fuvu lake kisiwani Rusinga mwaka 1948, wasidhani kwamba imani imeanguka. Biblia haikuficha kwamba miili yetu na ya wanyama ni udongo mmoja.

Wengine husema tofauti ni akili. Lakini mtoto mchanga hamshindi mbwa kwa akili, na mzee aliyepotewa na kumbukumbu huenda asimtambue mwanawe, hali mbwa wake amtambua. Tukipima utu kwa akili, tutawatupa hao wawili. Mungu hapimi hivyo. Alimwumba mtu kwa mfano wake, akasema naye, akampa kazi ya kutunza. Mfano huo hatukuupata kwa bidii yetu. Ni heshima tuliyopewa, pamoja na deni lake. Kaini aliulizwa habari za ndugu yake. Simba hajaulizwa kamwe habari za swala. Na katika Mwanzo 9:6, mfano huo wa Mungu ndio sababu ya kukataza damu ya mtu isimwagwe.

Neno hili latuhusu sisi. Mwaka 2023 mapigano ya hapa Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, yaliua watu. Wizi wa mifugo ni chanzo kimoja cha ugomvi wetu wa miaka mingi. Ng'ombe akiibwa, wengine hushika mishale, na roho ya mtu hulipwa kwa ajili ya mnyama.

Bwana Yesu, katika Mathayo 12:11-12, hakumdharau kondoo aliyetumbukia shimoni; alikubali aopolewe hata siku ya sabato. Ila alisema mtu ni bora kuliko kondoo. Basi ampigaye punda wake hadi damu amekosa, maana Mithali 12:10 yamtaka mwenye haki amjali mnyama wake. Lakini amwuaye jirani kwa ajili ya ng'ombe amepindua mizani ya Mungu. Naye amwitaye jirani mnyama ameanza kumnolea kisu.

Ng'ombe wako akipotea, ndugu, fuata nyayo pamoja na wazee wa pande zote mbili, na neno lako la kwanza ng'ambo liwe salamu.

Tuombe. Ee Mungu Muumba wetu, utufundishe kuwatunza wanyama uliotupa, na kuuheshimu mfano wako katika kila jirani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.